Njia Isiyo na Ndugu

Kasulu, siku ya soko

Dada yangu Mwanaidi,

Pokea salamu zangu za asubuhi na za jioni kwa pamoja, maana sijui barua hii watakusomea saa ngapi. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linalalamika, lakini limezoea kulalamika na mimi nimezoea kutolisikiliza. Wewe hali yako? Usingizi unakuja? Unakula, au bado unasema chakula hakina ladha huku sahani inarudi tupu?

Na wewe Asha, mkamwana wa dada yangu, unayesoma hapa kwa sauti, soma pole pole, usimeze maneno. Mahali ninapomgombeza usipunguze ukali, maana nimeuweka mwenyewe. Barua naandika kwa mkono wangu. Mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima, kijana wa juzi, anasema naandika kama ninavyogomba. Nimemwambia hapo amenifundisha vizuri.

Salamu zako nilizipata kwa yule mwenye dagaa anayevuka kuuza huku. Aliniambia jicho lako la kulia limekwisha kufunga, na la kushoto unawaona watu kama waliokaa nyuma ya chandarua. Akaniambia ulisema hivi: "Mwambie Mwamvua aje nikiwa bado namwona." Siku ile sikula. Halafu nikakasirika, na hasira bado ninayo. Jicho halifungi kwa siku moja, dada. Mwaka mzima umekaa hapo Buyenzi, Bujumbura, unapapasa kuta na kusema hujambo, na wapita njia wote wa dagaa unawapa salamu za hujambo. Wewe ndiye uliyenilea, kwa hiyo nitasema haya na kunyamaza: ulifanya vibaya.

Nikamwendea mwanangu Hamisi dukani. Hamisi ni mtoto mwema, duka lake limejaa na swala hazimpiti, lakini kila safari yake huanza na neno "baada". Nilimwambia nipeleke Bujumbura nikamwone dada. Akasema baada ya mavuno. Nikamwuliza macho ya mtu yanajuaje mavuno. Akasema basi baada ya mzigo wa kanga kufika. Nikatoka.

Sasa nikwambie habari za binti yake, Zubeda. Mara ya mwisho ulimwona mgongoni kwa mama yake, analia kwa sababu ulimnyima muwa. Sasa ni mkunga. Yuko zahanati ya Rungwe Mpya, kijiji kile walichohamishiwa watu juzijuzi, na anaendesha pikipiki. Umesikia vizuri, Asha hajakosea kusoma. Pikipiki ni yake, aliinunua kwa mtu wa misheni aliyekuwa anarudi kwao. Siku ya kwanza alipokuja nayo uani nilimgeuzia mgongo, nikamwambia sijazaa mwanamume aliyezaa mwanamume mwingine mwenye hereni. Akacheka, akaingia jikoni, akaosha vyombo vyote, akaondoka na lile lidude lake. Baadaye nikaanza kusikia maneno sokoni. Wake za Waha wa milimani, ambao hata salamu ya Kiswahili hawaijui, wananiambia mwakeye, salamu yao ya asubuhi, kisha wanaonyesha mtoto mgongoni na kusema, Zubeda. Huyu Zubeda, na huyu Zubeda. Nikaona hasira yangu haina wa kuila pamoja nami.

Huyo ndiye aliyesikia habari za macho yako. Hakumwuliza baba yake. Alikuja jioni, akakaa mkekani, akasema ana likizo fupi, na kliniki ya kina mama ni Jumatatu, hawezi kuikosa. Akasema tukitoka Alhamisi alfajiri, usiku tunalala kwako. Nikamwuliza nani atanibeba. Akasema pikipiki. Nikamwuliza kama ameanza kunywa.

Akaomba maharage. Nikadhani anataka kupika. Akazipanga punje pale mkekani: hii Kasulu, hii Manyovu, hapa mpakani, hii Nyanza-Lac, na ile nyekundu kubwa ni bibi Mwanaidi. Dada, mimi nimeolewa na mfanyabiashara, nimeona misafara ikipangwa na watu wazima wenye ndevu, lakini sijaona kichwa kama cha mtoto huyu. Anajua petroli inapatikana wapi na wapi haipatikani, na ameweka dumu la akiba kwa mtu wa Manyovu. Vyeti vya kupitia mpakani alikwisha viomba, changu na chake, kabla sijakubali. Nilipomwuliza kwa nini, alisema alijua nitagomba kwanza, kwa hiyo aliona afadhali karatasi zianze kutembea wakati mimi nagomba.

Anajua pia kwamba saa ya kwenu iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Mimi nimezaliwa huko na sikuwahi kulifikiria. Anasema tukivuka kwenda tunapewa saa moja bure, na tukivuka kurudi tunanyang'anywa. Nikamwambia hiyo ndiyo biashara ya kwetu hasa. Tena huku kwetu Jumapili alasiri vyombo vya moto vinakatazwa barabarani kwa ajili ya kubana mafuta, kwa hiyo lazima siku hiyo tuwe tumefika Kasulu kabla ya saa nane. Akahesabu kurudi nyuma: Jumamosi alfajiri tuondoke kwako, tulale Manyovu, Jumapili asubuhi tumalizie. Alipomaliza kutoa na kujumlisha, kilichobaki mkononi mwake kilikuwa Ijumaa. Ijumaa moja nzima, mimi na wewe. Akaniuliza inatosha? Nikamwambia tangu tumzike mama sijapata hata nusu ya Ijumaa.

Kuna jambo jingine. Kwenu magari hupita mkono wa kulia. Basi Zubeda alikwenda uwanja wa mpira wa shule, akapanga matofali mstari mmoja, akawa anauzunguka kwa mkono wa kulia tu. Akifika kwenye kona anajisemea kwa sauti: kulia, Zubeda, kulia. Watu waliotoka kanisani wakasimama kutazama. Mama mmoja akaniuliza kwa huruma kama binti ana mapepo. Nikamwambia ana akili, na kama hajapata kuiona akae hapo aitazame.

Hata hivyo hakuniamini mimi. Alisema, "Bibi, kwanza twende Kibondo na kurudi siku hiyo hiyo. Ukishindwa Kibondo, Bujumbura usiitaje tena." Mimi, niambiwe hivyo na mtoto niliyemfundisha kujifuta pua. Nikasema twende hata kesho.

Nilitaka kukaa upande, kama mwanamke mwenye heshima zake. Akakataa. Akasema nikikaa upande atanipoteza kwenye kona ya kwanza na hatajua mpaka Makere. Basi nilifungua sanduku, nikatoa suruali ya marehemu mume wangu, ile ya kaki aliyokuwa akienda nayo mnadani, nikaivaa chini ya kanga. Marehemu alikuwa mwembamba. Kiunoni nilifunga kwa kamba. Usicheke, dada. Asha, kama anacheka mwache amalize, kisha uendelee.

Mwanzoni nilifumba macho na kusoma kila aya niliyohifadhi chuoni. Nilipoyafumbua tulikuwa tumekwisha toka mjini na mashamba ya mihogo yanapita. Nitakwambia kweli kwa sababu wewe ni dada yangu na hutawaambia watu: ni kitu kitamu. Upepo unakupa hewa ya kijana. Nilikuwa naitazama shingo ya yule mtoto na namna anavyoisoma njia. Akiona mchanga mbele haogopi na wala haringi. Anapunguza, anashusha miguu kidogo, anapita, anaendelea. Akiona watoto wa shule anakwenda mbali nao wasipate vumbi. Babu yake alikuwa na utulivu kama huo akishika mizani. Nilidhani tulimzika nao.

Sasa sikia ubaya ulikotokea. Makere anakaa Bi Nyamizi, tuliyelea naye watoto nilipokuwa mgeni huku na sijui hata kusonga ugali wao wa muhogo. Nipite mlangoni kwake na yeye yuko uani? Nikampiga Zubeda begani, akasimama. Nikasema nasalimu tu. Unajua kusalimu tu kulivyo. Maji yakatiwa sufuriani, kuku akaanza kukimbizwa, na huwezi kuondoka wakati kuku anakimbizwa kwa ajili yako. Tukala. Mbele kidogo nikamwona yule aliyekuwa akituuzia asali, amezeeka, nikamhurumia, tukasimama. Akatutia asali kwenye chupa na kutusimulia jinsi mke wake alivyokufa, na habari ya kifo haisikilizwi umesimama. Kisha mji mwingine tena. Tulipofika Kibondo jua lilikuwa linazama, mbeleni tumebeba asali na nyuma, kati yangu na Zubeda, jogoo hai tuliyepewa tukashindwa kumkataa.

Tulilala kwa muuguzi mwenzake. Asubuhi Zubeda alikuwa anafunga mizigo, hana hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Akaniambia, "Bibi, pikipiki haina tatizo. Na wewe una mgongo wa chuma, nimekuvulia kofia. Kinachotuchelewesha ni watu wanaokupenda. Petroli naweza kuitafuta, lakini dawa ya kuku anayekimbizwa kwa ajili yako sina."

Mimi, Mwamvua, njia nzima mpaka Kasulu, kila mji nilikomjua mtu nilijifunika kanga usoni kama mwizi.

Jioni akatoa tena maharage. Njia ya chini ya kuja kwenu inafuata ziwa: Nyanza-Lac, Rumonge, hadi mjini. Ndiyo fupi, na ndiyo aliyokuwa amepanga. Akaniambia nimtajie kila ninayemjua kwenye njia hiyo, naye akawa anaweka punje moja kwa kila mmoja. Unajua kulivyo kule, kila mchikichi una ndugu yetu chini yake. Maharage yakaisha, tukaanza kutumia karanga. Kisha akauliza, na njia ya juu? Makamba, Bururi, Matana? Nikafikiri. Nikasema simjui mtu, huko ni ng'ombe na baridi. Akazikusanya punje zote za ziwani kwa kiganja, akazirudisha kapuni. Akasema basi hiyo ndiyo yetu.

Ni njia ndefu zaidi, ina milima, na anasema tutavaa makoti. Lakini anasema ni ya haraka, kwa sababu haina ndugu. Dada, nimeishi mpaka meno yamepungua na sikujua kwamba kuna siku kutojulikana kutakuwa na faida kwa msafiri. Mtoto wa miaka ishirini na kitu ndiye aliyenionyesha, tena bila kunitukana.

Hapo ningemaliza barua kwa kukwambia tandika mkeka. Lakini Hamisi ana mdomo. Aliona aibu kwamba binti yake ndiye anayenipeleka, kwa hiyo akaanza kujisifia safari hiyo dukani, mbele ya yule mwenye dagaa. Mwenye dagaa akafika na habari hiyo Rumonge. Haikupita muda nikapata ujumbe wa wifi yangu Tausi. Anasema amesikia naja. Anasema mbuzi amefungwa tayari. Tangu ndugu yake afe, yaani mume wangu, hatujakaa mkeka mmoja kumlilia. Miaka ile mpakani kulikuwa hakupitiki, yeye alilia Rumonge na mimi nikalia Kasulu. Sasa anataka tukae, tusome hitma, tupeane pole kama watu.

Na ni haki yake. Siwezi kusema si haki yake. Nikipita njia ya juu na yeye anajua, nimemzika kaka yake mara ya pili, safari hii bila sanda. Nikipita njia ya chini, Tausi hatakubali nilale usiku mmoja, na Ijumaa yetu itaishia Rumonge. Nitafika kwako nikushike mkono na kugeuza.

Nilikaa na ujumbe huo kama mtu aliyekalia siafu. Nikamwambia Zubeda tupite Rumonge, dada ataelewa. Alikuwa anatia viraka kwenye tyubu. Hakuinua kichwa. Akaniuliza, "Nani kasema hitma ya babu lazima isomwe Rumonge?"

Nikamwambia aseme yote.

Akasema malori ya mawese yanatoka Rumonge kwenda Bujumbura kila siku, na bibi Tausi ana mashamba ya michikichi, madereva wote wanamjua. Apande lori Ijumaa asubuhi, na mbuzi wake ampandishe. Hitma isomwe Buyenzi, kwako, baada ya swala ya Ijumaa. Nimlilie mume wangu pamoja na dada yake, katika nyumba ya dada yangu, na nyote wawili muwe mnaonekana kwa jicho langu kwa wakati mmoja. Na sisi tupite juu kwa amani, maana tunayemwacha chini tutakutana naye kwako kesho yake. Nilimtazama yule mtoto na gundi vidoleni. Nikaenda jikoni nikampikia wali wa nazi siku isiyo ya sikukuu, na sikumwambia kwa nini.

Tausi amejibu. Atakuja. Ila ana sharti, na unalijua kabla Asha hajalisoma.

Siku ya harusi yangu wewe ndiye uliyeshika mlango. Ni desturi, upande wa bibi harusi hufunga mpaka upande wa bwana watoe kifungua mlango, na watu hucheka, huimba, kisha hufungua. Wewe hukufungua. Tausi alitoa, ukasema haitoshi. Akaongeza, ukasema imba. Akaimba, mvua ikaanza, ukasema hujasikia vizuri. Nilikuwa ndani nimefunikwa kanga, nilikusikia ukicheka na nikaisikia ile mvua. Hariri yake ilimgandia mwilini mbele ya wageni. Toka siku ile hajakanyaga kwako. Mimi nimekula kwake na nimekula kwako, na miaka yote nimekuwa nabeba salamu kati yenu ambazo hakuna aliyezituma.

Sasa anasema hivi: ataingia nyumba ya Mwanaidi siku Mwanaidi atakapomfungulia kwa mkono wake mwenyewe.

Sikuombi, dada, nakwambia. Hapo awali ulikuwa na haki ya utani, ukaipitisha mpaka. Ni Alhamisi ya pili baada ya mwezi kuandama ndipo tutakapofika sisi, magharibi, kama Mungu ataturuhusu. Ijumaa asubuhi utasikia lori nje na mbuzi akilia. Usimtume Asha. Usiseme macho, macho hayafungui komeo, mkono ndio unaofungua, na nyumba hiyo unaijua gizani. Inuka, fika mlangoni, fungua. Maneno ukiwa huna usiseme, mpishe tu apite. Kama mvua itanyesha siku hiyo mimi nitakuwa nyuma yako, na ukichelewa nitakusukuma.

Ukikataa, mwambie mwenye dagaa mapema. Sitakulaumu kwa barua. Nitapita njia ya chini, nitakaa Rumonge kama inavyostahili kumlilia mume wangu, na kwako nitafika wakati wa kuaga. Zubeda amekwisha fanya yote ambayo akili inaweza kufanya. Amebana petroli, amebana saa, amenivalisha suruali, amegeuza njia, amepandisha mbuzi kwenye lori. Kilichobaki ni komeo moja, na hilo liko kwako.

Tukifika msipike kingi. Zubeda hali sana akiwa safarini na mimi sitaki Ijumaa ipitie jikoni. Na msinitangaze msikitini. Nitawasalimu wote kwa pamoja kwenye hitma, anayetaka kunilalamikia alalamike hapo hapo.

Nisalimie kaka yetu fundi cherehani, mwambie kitambaa cha koti anachoniwekea kimenisubiri vya kutosha. Nisalimie yule jirani yako Mkongo anayekupikia uji, mwambie namshukuru, na sukari apunguze. Nisalimie wajukuu wako wote, hasa yule anayekushika mkono kwenda chooni. Huyo nitamletea asali ya Kibondo. Mkamwana Asha, wewe salamu zako ni hizi ulizozisoma, na umesoma vizuri. Hamisi anakusalimu, anasema atakuja baada ya mavuno. Zubeda anakusalimu, na anauliza uani kwako kuna kivuli cha kuegeshea.

Na ikiwa jicho hilo moja litafunga kabla sijafika, usinifiche na usinizuie. Nitakuja vile vile. Uso nilio nao sasa umekunjamana, hutakuwa umekosa kitu. Sauti ni ile ile, utanijua nikianza kumgombeza mtu nje.

Mdogo wako,
Mwamvua